Matembezi ya Mikokoni na Mazungumzo ya Barzani: Shajara ya Mradi wetu wa Ghuba ya Chwaka

2 Juni 2024. Tunakoanzia

Nimezaliwa kusini mwa Ghuba ya Chwaka, Unguja, na mpaka nafika miaka ishirini na tatu msitu wa Jozani nilikuwa naujua kupitia dirisha la daladala tu. Dereva anapunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa ili magari yasigonge kima, wageni wamesimama kando ya njia na kamera zao, sisi tunapita kwenda zetu mjini. Mikoko niliijua zaidi kwa kuwa mama alikuwa akitutuma tondo, konokono wa mikokoni. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunichukua, akanitembeza, akaniambia: mwanangu, huu mti ni fulani, na huyu mnyama asili yake ni hapa kwetu peke yake.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Ina kilomita za mraba 50 hivi za msitu, maweni na mikoko inayoshuka mpaka ghubani, na mwaka 2016 UNESCO ikaitia katika orodha ya hifadhi zake za biosfia, yaani mahali ambapo uhifadhi na maisha ya watu hupangwa pamoja. Watu husafiri kutoka nchi za mbali kuja kuiona, nasi tunaoishi ubavuni mwake tumebaki kuitazama kwa nje.

Tuko vijana watano, wanawake wawili na wanaume watatu. Tunachotaka ni matembezi ya kuongozwa, bure, kwa Kiswahili, kwa watu wa hapa, na baina ya matembezi na matembezi tukae barzani tuzungumze. Naiandika shajara hii kwa ajili ya vikundi vingine vya pwani vitakavyotaka kufanya kama sisi, iwe Pemba karibu na msitu wa Ngezi, Mafia, Kilwa au Tanga. Gharama zote ni shilingi za Tanzania, zimetoka kwenye mifuko yetu na michango ya jamaa.

Ruhusa tumeipata kwa sheha, kwa wasimamizi wa hifadhi na kwa kamati ya wavuvi. Imechukua wiki tatu. Nauli na kuchapa barua: 24,500. Nenda kwa kamati ya wavuvi mwanzo, kabla ya ofisi yoyote. Sisi tuliwaacha mwisho wakatuuliza kwa nini, na hatukuwa na jibu.

29 Juni 2024. Matembezi ya kwanza: tumekuta maji

Tulipanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa tatu asubuhi, kwa sababu Jumamosi watu wana nafasi na mwisho wa mwezi waajiriwa wamelipwa. Tulikodi daladala ya kuwaleta jamaa wa vijiji vya jirani (70,000), tukachapisha bango (40,000), tukaandaa chai na mandazi (32,000). Walikuja watu thelathini na wanane.

Tulipofika ufukweni, pale tulipotaka kuwapitisha palikuwa na maji ya magoti, na yalikuwa bado yanajaa. Mpango wetu wote ulikuwa ni kutoka kwenye mikoko, kwenda mchangani, mpaka kwenye nyasi bahari. Tukasimama pwani tunaelezea vitu ambavyo vilikuwa chini ya maji. Watu walikuwa na adabu, wakasikiliza nusu saa, wakanywa chai, wakaondoka.

Mzee mmoja mvuvi wa dema, mtego wa samaki wa kusukwa, alikuwa akishona wavu chini ya mnazi. Nikamwendea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kakupangieni siku?"

"Tumepanga wenyewe, babu."

"Leo mwezi ngapi?"

Nikamwambia ishirini na tisa.

"Hiyo ya ofisini. Nakuuliza mwezi."

Ilikuwa ni mwezi ishirini na mbili, Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija. Maji mafu. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, na nimeyaandika alivyosema kwa sababu mradi huu mzima umesimama hapo. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na hupwa sana, na kwetu huku hupwa asubuhi, baina ya saa nne na saa sita. Mwezi unapokuwa nusu, huwa maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana, na saa zile zile za asubuhi ambazo siku za bamvua ni kukavu, huwa yamejaa. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Kwa hiyo "kila Jumamosi ya mwisho saa tatu" ni ahadi ambayo bahari haiwezi kuitimiza.

Nimetoka kizazi cha wavuvi na mambo haya niliyasikia tangu utotoni. Kuyasikia na kupanga nayo siku ni vitu viwili. Tumekwenda kununua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, 3,000, na tangu leo kila siku ya matembezi inatoka humo.

7 Julai 2024. Bamvua, na watu wamezidi

Giza la mwezi, Jumapili, tena Saba Saba. Tumeanza saa tatu, maji yakirudi nyuma mbele yetu, na saa tano yalikuwa mbali kabisa. Ghuba yote imefunguka.

Habari ilikuwa imeenea kuwa safari hii maji yatakuwa makavu, wakaja watu 63, karibu nusu yao watoto. Waongozaji tulikuwa wawili. Kosa hili limeniuma zaidi kuliko lile la kwanza, kwa kuwa safari hii tumeharibu.

Mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, hupumua kwa mizizi inayotoka topeni wima, mingi, kama penseli zilizochomekwa. Watu sitini hawawezi kupita humo bila kuikanyaga. Tuliporudi tuliiona njia yetu: ukanda mpana kama wa gari, mizizi imelala, mingine imekatika na ndani yake nyeupe. Mtoto mmoja alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa kombe, konokono na viti vya pweza (wale viumbe wa umbo la nyota) vitano, wote hai. Bibi mmoja alipotelewa na ndara zote mbili topeni akarudi na miguu imechanjwa na chaza.

Tulikaa jioni ile tukaandika masharti, na tumeyashika tangu siku hiyo. Mikokoni, watu kumi na tano kwa mwongozaji mmoja, na wakizidi wanaandikishwa kwa bamvua ijayo. Mstari mmoja, nyuma ya mtu mmoja, kwa njia ya mchanga ambayo kina mama wanaitumia kwenda mwanini, kwenye mashamba yao ya mwani, kwa sababu imekwisha kukanyagika na haihitaji nyingine. Viatu vya kufunga, na kwa asiyekuwa navyo tumenunua jozi kumi za buti za mpira, za mitumba, 90,000 zote. Kinachookotwa kinatazamwa kikiwa kwenye kiganja, kinarudishwa pale pale, uso wake upande ule ule uliokuwa. Tumemrudisha yule mtoto na mfuko wake akavitia mwenyewe vyote majini. Hakulia, na amekuja tena kila bamvua.

Kamba ya mita 30 ya kuonyesha njia: 12,000. Huna haja nayo. Mtu wa mbele anatosha.

19 Julai 2024. Mazungumzo ya kwanza: mitambo

Tulikodi projekta, spika na jenereta (85,000, mafuta 12,000), tukatandika shuka jeupe ukutani baada ya sala ya Isha. Mimi ndiye niliyezungumza. Nilikuwa nimetayarisha picha arubaini na maneno ya kwenye ripoti: bayoanuwai, mfumo ikolojia, uhifadhi shirikishi.

Walikuja wanaume kumi na mmoja. Wanawake watatu walisimama mbali kidogo, wakaondoka. Jenereta lilinguruma hata nikawa napiga kelele. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali, na kimya kile kilikuwa kirefu.

Dada yangu, aliye katika kikundi, ndiye aliyeniambia makosa yangu njiani tukirudi. Kwanza siku: usiku wa kuamkia bamvua, wanawake wanalala mapema kwa sababu alfajiri wanakwenda kufunga mwani, na wavuvi wanatayarisha vyombo. Pili mahali: barza ile ni ya wanaume. Tatu lugha. "Umekaa na watu wanaoijua ghuba kuliko wewe," aliniambia, "ukawazungumzia kwa maneno wasiyoyatumia, halafu ukawauliza swali."

97,000 zimekwenda. Picha zile sijazitumia tena.

29 Julai 2024. Chini ya mkungu

Jumatatu, baada ya Alasiri, maji mafu, watu wako majumbani. Hakuna mtambo. Birika la kahawa, kashata, chai ya maziwa kwa watoto: 11,000. Tumekaa chini ya mkungu karibu na kisima, mahali ambapo wanaume na wanawake wote hupita. Tumeweka katikati ya mkeka matawi sita ya miti ya baharini, tumeyakata kwa ruhusa, na tukauliza jambo moja tu: huu ni mti gani, na kazi yake nini?

Sikuandaa hotuba na haikuhitajika. Mkoko, boriti, mzee mmoja alikumbuka majahazi yakipakia boriti kwenda Arabuni, ambako nyumba ziliezekwa juu yake kwa kuwa kule miti haimo. Mkandaa, maganda yake ya rangi na ya kutengenezea ngozi. Mlilana, mataruma, yaani mbavu za vyombo. Mkomafi, tunda lake kubwa linalopasuka na mbegu zake hazirudi tena kupangika zilivyokuwa. Muia. Mchu, kuni za tanuri la chokaa. Kwa kila tawi palitokea ubishi, na kwa kila ubishi palitokea kisa.

Kisha bibi mmoja, mkulima wa mwani, akalichukua tawi la mchu akaligeuza. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989 na yeye anasema yumo tangu ujana wake. Akasema zamani wakichelewa kurudi na chakula kikiwa hakina chumvi, walikuwa wanajua jani la kulamba. Watu wakacheka, naye akasema hafanyi mzaha, njooni niwaonyesheni.

Nimemwomba awe mwongozaji wetu. Alisema lazima amuulize mumewe na auulize mwani wake, na nilielewa baadaye kuwa la pili ndilo lililokuwa zito.

4 Agosti 2024. Bibi mbele, sisi nyuma

Hii ndiyo siku ambayo mradi umepata sura yake, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Watu ishirini na wanane, waongozaji wawili, bibi na yule mzee wa dema. Sisi vijana kazi yetu ilikuwa kuhesabu watu na kubeba maji. Bibi alisimama kwenye mchu wa kwanza, akachuma jani moja, akaligeuza upande wa chini, akampa msichana wa darasa la tano.

"Lamba."

Yule mtoto akamtazama mama yake.

"Lamba, mwanangu, si sumu."

Akalamba, akakunja uso, kisha akalamba tena. Chumvi. Ukilitazama jani lile kwa karibu unaona punje ndogo ndogo zinang'aa kama sukari iliyomwagika. Mchu hunywa maji ya bahari, chumvi huitoa kwenye majani. Watu wote ishirini na wanane wakalamba jani moja moja, na nikajua kuwa picha zangu arubaini zote hazikuwa na thamani ya jani lile.

Mbele kidogo akawaonyesha mche wa mkoko uliochomeka topeni wenyewe. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, ikawa ndefu kama mkuki, kisha ikadondoka. Maji yakiwa makavu huchomeka hapo hapo, yakiwa yamejaa huelea ikaenda kuota pengine. Kaa wenye gando moja kubwa walikuwa wanalipunga kila mtu akisimama kimya, na wakazama mashimoni kila mtu akijongea. Bibi aliwasimamisha watu dakika tano bila kusema neno, wakaona kaa wanatoka tena mmoja mmoja mpaka tope lote likawa linapunga.

Mzee alichukua sehemu ya nyasi bahari. Aliweka dema chini, akaonyesha mlango wake unaomruhusu samaki aingie na usimruhusu atoke, kisha akauliza: kwa nini nalitega hapa na silitegi kwenye mchanga mtupu? Akajijibu kwa kufunua nyasi kwa mikono miwili. Humo mlikuwa na tasi wadogo wa urefu wa kidole na changu wadogo zaidi. Tasi hula nyasi hizi na hukulia humu, changu hukimbilia humu kujificha. Akasema juya linalokokotwa hapa ndilo linaloua samaki wa kesho, na alisema kwa hasira ambayo sikutarajia, kwa kuwa baadhi ya wanaokokota walikuwa wamesimama pale. Hakuna aliyembishia. Mmoja alibaki naye baada ya wengine kuondoka na walizungumza muda mrefu.

Sasa kosa. Tulimlipa bibi 10,000, tukaona tumefanya vizuri. Dada yangu alimpeleka nyumbani akarudi na habari nyingine. Mwani hufungwa na kuvunwa maji yanapokuwa makavu, yaani siku za bamvua, siku zile zile tunazotembea. Siku moja aliyotupa sisi ni siku aliyoipoteza katika zile chache ambazo shamba lake linafikika. Tulikuwa tumemlipa pungufu ya alichokipoteza, naye kwa heshima yake hakusema.

Tumekaa naye tukapatana upya: 25,000 kwa kila tembezi, hachukuliwi zaidi ya mara moja katika bamvua moja, na vijana wawili wa kikundi wanakwenda kumsaidia kufunga kamba siku inayofuata. Mzee analipwa hivyo hivyo. Kikundi kitakachoniiga naomba kianze hapa, kabla ya mabango na buti: muulize mwongozaji wako siku hiyo angekuwa anafanya nini.

18 Agosti 2024

Kesho mwezi unakuwa mpevu. Watu thelathini, hakuna aliyeumia, hakuna kilichookotwa. Gharama 62,000 na chai ndani yake. Bibi amemleta mkwewe ajifunze kuongoza.

14 Septemba 2024. Msituni, na ugomvi wa nazi

Siku za maji mafu tumeamua kuzitumia msituni, ambako bahari haina amri. Tumekwenda na mwongozaji wa hifadhi na watu ishirini na wawili, wengi wao hawajawahi kuingia, mmoja wao ana miaka sabini.

Chini ya miti mirefu kulikuwa na baridi ambayo kijijini hatunayo. Paa nunga hatukumwona, tulionyeshwa nyayo zake tu kwenye udongo mbichi. Kima punju walikuwa karibu sana, kundi zima, mgongo mwekundu, nywele nyeupe zimezunguka uso. Asili yake ni Unguja peke yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 iliwakuta kiasi cha 5,800, na hiyo ni Unguja nzima. Tuliwatazama wanavyoshika matawi kwa vidole vinne, kwa kuwa kidole gumba chao ni kama hakipo. Mwongozaji akaeleza jambo lililowafurahisha kina mama kuliko yote: kima hawa hula mkaa. Wakila majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana vitu vinavyowadhuru tumboni, huenda kuokota mkaa kwenye mabaki ya moto na matanuri, na mkaa huvinyonya vile vitu. "Ndiyo maana huyu hanisazii jiko," mama mmoja akasema, na kumbe si maskhara, anaishi ukingoni mwa msitu na kima humwibia kweli.

Jioni tulikuwa na mazungumzo, na hapo ndipo nilipokosea. Mkulima mmoja alisema kima wanamlia nazi changa na hakuna anayemlipa inavyostahiki. Mimi nikaharakisha kumjibu kuwa watafiti walizihesabu nazi katika minazi ya karibu na Jozani wakakuta kwamba pale kima wanapokula nazi changa, mavuno hayapungui, pengine huongezeka, kama mti uliopunguziwa. Utafiti huo upo na ni wa kweli. Lakini nilimjibu mtu aliyepoteza kitu kwa hesabu, mbele ya jirani zake, akanyanyuka akaondoka.

Nilimfuata kesho yake asubuhi kwake. Nilibisha hodi, nikamwomba radhi, nikamwomba anipeleke shambani kwake anionyeshe. Alinionyesha nazi changa zilizotafunwa chini ya minazi mitatu, na muhogo na mbaazi kando yake. Kwenye minazi ana mashaka na watafiti, na kwenye muhogo hakuna utafiti wowote nilioweza kumwambia. Nilichoweza ni kusikiliza na kuandika. Tumekubaliana kuwa mazungumzo yajayo ya msitu ataanza yeye, na mwongozaji wa hifadhi atamfuatia. Tumefanya hivyo tarehe 26 Oktoba, na yalikuwa marefu na magumu, na watu hawakuondoka mpaka Magharibi ilipoadhiniwa.

Gharama ya siku: daladala 70,000, viingilio na chakula 88,000. Msitu ni ghali kuliko ghuba, tumeuweka mara moja kwa miezi miwili.

9 Novemba 2024. Vuli

Mvua ilinyesha usiku tatu mfululizo. Jozani ni msitu unaokaa juu ya maji ya ardhini, na mvua zikizidi maji hupanda yakatokea juu, njia zikawa mito. Tumeahirisha asubuhi ile ile, watu wamekwisha kuvaa. Amana ya daladala 30,000 haikurudi.

Dawa yake: hatukodi tena gari la msituni baina ya Oktoba na Disemba, wala wakati wa masika. Na tumeweka bendera dukani. Nyeupe ikiwa ipo jioni ya kuamkia safari, tunakwenda. Haipo, hatwendi. Kitambaa na ufito 2,500, na imefanya kazi kuliko ujumbe wa simu, kwa sababu si kila bibi ana simu na kila bibi hupita dukani.

1 Disemba 2024. Ndege wa mbali sana

Kaskazi imeingia na ndege wa ugenini wamefika. Tulitaka kuwaonyesha watu sululu na wenzake wanaotoka nchi za baridi za kaskazini na kukaa kwetu mpaka kiasi cha Aprili. Tumeazima darubini mbili. Bamvua, maji makavu, saa nne, watu ishirini na sita.

Ndege walikuwepo, mamia, lakini maji yakipwa nao huyafuata, wakawa kule mwisho wa ghuba kama pilipili manga iliyomwagwa. Kila mtu alipewa darubini dakika moja, na anayeishika kwa mara ya kwanza dakika moja haimtoshi hata kuipata shabaha. Watoto walichoka, wakaanza kuwafukuza yangeyange.

Mzee wa dema ndiye aliyetufumbua tena. "Ndege nao wana maji yao," alisema. Wakati wa kupwa hutawanyika kula. Maji yakijaa huwasukuma, nao hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ukanda mwembamba ulio chini ya mikoko. Ukikaa hapo kabla yao, watakuja wenyewe.

8 Disemba 2024. Maji mafu

Jumapili, mwezi nusu. Maji ya aina ile ile iliyotuharibia tarehe 29 Juni, yanajaa asubuhi, polepole, bila nguvu. Safari hii ndiyo tuliyoyataka.

Tumechukua watu kumi na wawili tu. Saa moja na nusu tulikuwa tumekwisha kukaa kwenye mikeka chini ya mkoko mkubwa, nguo za rangi za miti, simu zimezimwa, chai kwenye chupa isiyolia. Bibi alikuja kwa hiari yake, siku za maji mafu hana kazi mwanini, na alikataa malipo. Tumemlipa.

Saa mbili maji yalikuwa bado mbali na hapakuwa na kitu. Saa tatu kasoro wakaanza kusogea, kwanza wale wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji na kurudi. Mdiria mmoja alitua kwenye mzizi wa mkoko juu ya vichwa vyetu na hakutujua kuwa tupo. Kisha sululu. Walikuja kwa miguu, kumi na saba, tumewahesabu, wakichoma tope kwa midomo yao mirefu iliyopinda. Mmoja alisogea mpaka hatua kumi kutoka kwenye mkeka. Alizamisha mdomo wote mpaka usoni, akakaa hivyo kidogo kama anayesikiliza, akautoa na kaa. Akamtikisa, gando likaanguka, akamtikisa tena upande wa pili, likaanguka la pili, akammeza. Darubini zilikuwa magotini mwetu, hakuna aliyezihitaji.

Yule msichana wa darasa la tano aliyelamba jani alikuwa amemshika bibi mkono. Alimnong'oneza kitu, bibi akainama kumsikia, akamjibu kwa kutikisa kichwa. Baadaye nilimuuliza bibi alisema nini. "Kaniuliza kama mwakani watarudi hawa hawa."

Maji yalitufikia kwenye mikeka saa nne. Tulikusanya vyombo polepole, ndege wakapanda juu ya mikoko.

Gharama ya leo: chai, mkate wa kumimina, malipo ya bibi, 36,000. Safari ijayo ya mikokoni ni tarehe 15, mwezi mpevu, kuanzia saa tatu, na mkwewe bibi ndiye ataongoza kwa mara ya kwanza. Buti jozi mbili zimepasuka, zinahitaji kubadilishwa kabla ya hapo. Ramadhani inatarajiwa mwanzoni mwa Machi: matembezi yatasimama, mazungumzo yatahamia baada ya tarawehe, na mkulima wa nazi ameomba yafanyike kwake.